Bei ya Kiti: Migahawa ya Kahawa na Wateja Wasioondoka

Ada ya kukaa ni malipo anayotozwa mteja wa mgahawa kwa sababu ya muda anaokalia kiti, mbali na bei ya alichokula au kunywa. Huja kwa sura nyingi. Ipo migahawa inayotoza waziwazi kwa dakika au kwa saa. Ipo inayoweka kima cha chini cha kuagiza, na inayochapisha namba ya siri ya intaneti kwenye risiti, namba ambayo hufa baada ya muda mpaka mteja anunue tena. Ipo inayodai ada ya ukumbi kila meza zinapounganishwa kwa ajili ya kikao. Na ipo ile inayojigamba kwamba haitozi chochote, lakini imeziba soketi za umeme, imeondoa mito kwenye viti, na wahudumu wake hufuta meza ya mteja mmoja mara tatu ndani ya nusu saa. Hiyo nayo ni ada, ila hulipwa kwa mgongo.

Mteja huona kwamba kikombe alichokinunua kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya kahawa ya kijiweni kimekwisha kulipia kiti, kivuli, choo na intaneti. Mwenye mgahawa naye huona meza ya watu wanne imekaliwa na mtu mmoja mwenye kompyuta ya mpakato, kikombe chake kimekauka tangu saa tatu asubuhi, na mlangoni wamesimama watu wenye njaa wanageuza kurudi. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi huu haumalizwi kwa kuambiana nani hana adabu.

Chanzo chake ni hesabu ambayo wateja wengi hawaioni na wamiliki wengi huikosea. Mgahawa huuza vitu viwili kwa bei moja: kinywaji na nafasi ya kukinywea. Kahawa isiyouzwa leo hubaki ghalani hadi kesho, lakini kiti kilichokaa kitupu saa saba mchana hakiwezi kuuzwa tena saa nane. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyoanza kuzitengenezea hesabu bidhaa za namna hii, kwa sababu ndege ikisharuka na kiti kitupu mapato yake yamepotea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliihamishia fikra hiyo kwenye migahawa kwa kupendekeza kipimo cha mapato ya kila kiti kwa kila saa. Kwa kipimo hicho, mteja wa kahawa ya bei ndogo anayeondoka baada ya dakika 15 anaweza kuwa na faida kuliko anayekula chakula cha bei kubwa na kukaa saa tatu.

Tuseme mgahawa wa Dar es Salaam una viti 40 na hufunguliwa saa 12 kwa siku. Tuseme pia gharama zisizobadilika kwa idadi ya vikombe, yaani pango, mishahara, umeme na leseni, ni Sh600,000 kwa siku. Viti hivyo vina saa 480 za kuuzwa. Lakini hakuna mgahawa unaojaa kutwa nzima. Ikiwa theluthi moja tu ya saa hizo ndiyo inayokaliwa, kila saa ya kiti kimoja inabeba Sh3,750. Kikombe cha kapuchino kikiuzwa Sh6,000, na maziwa, kahawa na sukari vikila Sh2,000, kinachobaki ni Sh4,000. Kikombe hicho kimelipia kiti kwa saa moja na dakika nne. Baada ya hapo mteja anakaa kwa gharama ya mwenye mgahawa au ya wateja wengine.

Huu ni mfano tu, lakini hauko mbali na hali halisi ya kwingine. Korea Kusini, ambako wanafunzi na watafuta kazi wanaosomea migahawani wamepata hata jina lao, taasisi ya utafiti wa sekta ya migahawa ilipiga hesabu kama hiyo mwaka 2019. Ilikadiria kwamba mteja aliyenunua kikombe kimoja cha kahawa cha won 4,100 hufikisha ukomo wa faida akikaa saa 1 na dakika 42.

Wamiliki hukosea pale wanapodhani kila saa ina thamani sawa. Saa nne asubuhi ya Jumanne, mgahawa ukiwa na viti 30 vitupu, mteja aliyekaa na kikombe kimoja hamgharimu mtu yeyote. Pango lingelipwa hata asingekuja. Kwa kweli ana manufaa, maana mpita njia akichungulia dirishani na kuona mgahawa hauna mtu hata mmoja, hupita. Mteja huyohuyo anakuwa mzigo saa saba mchana, watu wa ofisini wanapomwagika kutafuta chakula. Ada inayotozwa kutwa nzima bila kujali msongamano ni ada ya hasira, haina uhusiano na hesabu.

Vikao ni jambo jingine. Watu sita wanaounganisha meza mbili hawaanzi kuagiza kwa pamoja: wawili waliowahi huagiza maji, wanne hufika kwa kuchelewa, mmoja huomba maji ya moto akaweka majani ya chai yake mwenyewe. Sauti zao huwakimbiza waliokaa jirani. Bili huitishwa mwishoni, na hapo huanza mjadala wa nani alikunywa nini. Mwenye mgahawa anayetaka kutoza kikao ana hoja nzito kuliko anayetaka kumtoza msomaji wa gazeti aliyejikalia kona moja.

Jambo hili si la zama za intaneti. Mwaka 1652 Pasqua Rosée alifungua nyumba ya kahawa katika kichochoro cha St Michael, mtaa wa Cornhill, inayohesabiwa kuwa ya kwanza London. Baada ya miongo michache jiji hilo lilikuwa limejaa nyumba za namna hiyo. Peni moja ilitosha kumwingiza mtu ndani, akapata kahawa, magazeti, na mazungumzo ya siku nzima. Wafanyabiashara waligundua haraka kwamba kukodi ofisi ni ghali na peni moja ni rahisi. Wenye meli, manahodha na watoa bima walifanya makao kwa Edward Lloyd, aliyekuwa na nyumba yake mtaa wa Tower kufikia mwaka 1688 kabla ya kuhamia Lombard. Madalali wa hisa walijazana Jonathan's, katika kichochoro cha Exchange.

Vikao hivyo vya peni moja havikubaki vya peni moja. Mwaka 1771 watu 79 wa biashara ya bima walichanga pauni 100 kila mmoja ili kupata jengo lao, na miaka mitatu baadaye wakahamia katika jengo la Royal Exchange. Soko la bima la Lloyd's linalofanya kazi hadi leo limetokana na hao. Mwaka 1773 madalali wa hisa nao walijenga nyumba yao katika kichochoro cha Sweeting, chini ukumbi wa biashara na juu chumba cha kahawa, wakatoza kiingilio cha peni sita kwa siku. Waliiita New Jonathan's, kisha wakabadili jina na kuiita Soko la Hisa. Ada ya kukaa ilikuwa imewekwa na wakaaji wenyewe, kwa sababu kufikia hapo walijua thamani ya kiti. Anayewacheka vijana wanaoanzishia kampuni kwenye meza ya mgahawa kwa kikombe kimoja afikirie kwamba soko la bima la Lloyd's lilianza hivyohivyo. Ni kweli pia kwamba utajiri huo haukuwaendea wauza kahawa.

Nchi iliyotatua suala hili bila kelele ni Italia. Mteja wa baa ya kahawa ya Kiitaliano hunywa amesimama kaunta, kwa dakika mbili au tatu, kisha huenda zake. Akitaka kukaa, bei hupanda, na mara nyingine huzidi maradufu. Hakuna anayeona ametukanwa. Mazoea hayo yana mizizi ya kisheria: mwaka 1911 mamlaka za miji zilipewa uwezo wa kuweka ukomo wa bei kwa bidhaa za lazima, ikiwemo kahawa inayouzwa bila huduma ya mezani. Kahawa ya kaunta ikabaki rahisi, na mwenye baa akatafuta faida yake kwenye kiti. Bei mbili huandikwa kwenye orodha, moja ya kaunta na nyingine ya meza, na kila mtu huchagua kabla ya kuagiza.

Venice imekwenda mbali zaidi. Katika uwanja wa San Marco, ambako Caffè Florian imekuwapo tangu mwaka 1720, migahawa yenye bendi huongeza ada ya muziki juu ya bei ya meza. Mwaka 2013 watalii saba kutoka Roma waliwasilishiwa bili ya euro 100 kwa kahawa na pombe kali chache. Euro 42 kati ya hizo zilikuwa za muziki, euro sita kwa kila kichwa. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na mgahawa ukajitetea kwamba ada imeandikwa kwenye orodha ya bei. Hoja hiyo ina uzito, lakini watu saba kutoka nchi hiyohiyo, wanaoijua desturi ya kaunta na meza tangu utotoni, kushtushwa na bili yao ni dalili kwamba kuandikwa na kuonekana ni mambo mawili.

Vienna hufanya kinyume kabisa. Huko mteja hunywa kikombe kimoja, huletewa glasi ya maji inayojazwa tena bila kuombwa, huchukua gazeti lililofungwa kwenye fimbo ya mbao, na hukaa hadi achoke. Mwaka 2011 Austria iliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya kitaifa ya urithi usioshikika chini ya mkataba wa UNESCO. Bei ya kahawa ya Vienna ni kubwa, na kila mnywaji anajua kwamba sehemu yake ni ya kiti. Anayekaa dakika kumi humlipia anayekaa saa nne. Utaratibu huo husimama mradi wenye haraka hawalalamiki.

Jaribio la wazi kuliko yote la kutoza muda lilianzia Moscow. Mwaka 2010 Ivan Mitin na wenzake walikuwa na chumba kidogo ambacho wageni walikaa, wakanywa chai, na kutoa walichojisikia. Mwaka uliofuata alifungua Ziferblat, ambako kila kitu kilikuwa bure isipokuwa muda. Tawi la London lilifunguliwa mtaa wa Shoreditch kati ya mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014, bei ikiwa peni tatu kwa dakika, sawa na pauni 1.80 kwa saa. Mgeni alipoingia alichagua saa ya mezani kutoka kabatini, wakati wake ukaandikwa kwenye karatasi, akaenda nayo mezani. Kahawa, biskuti, matunda na intaneti havikuhesabiwa. Wageni waliruhusiwa kujipikia na walitarajiwa, bila kulazimishwa, kuosha vyombo walivyotumia. Mitin aliwaona kuwa wapangaji wadogowadogo, kila mmoja amekodi dakika zake.

Utaratibu huo ulifichua jambo ambalo bei ya kikombe huficha. Mtu aliyeingia, akanywa haraka na kutoka baada ya dakika tano alilipa peni 15, pungufu ya gharama ya kahawa yenyewe. Aliyekuja kupumzika ndiye aliyelipa. Aliyekuja kufanya kazi alilipa kidogo kuliko ambavyo angelipia meza kwenye ofisi ya kukodi, na akaondoka mara kazi ilipoisha kwa sababu saa ilikuwa mbele ya macho yake. Lakini kwa mtu anayekunywa kahawa ili asahau saa, Ziferblat ilikuwa adhabu. Migahawa mingine ya namna hiyo ilifunguliwa Ulaya, ikiwemo Anticafé ya Paris mwaka 2013, na mingi iligundua kuwa wateja wake halisi ni watu wenye kazi za kumaliza, si watu wenye soga za kupiga.

Wajapani walilichukua jambo hilo hadi mwisho wake. Aprili 2022, katika mtaa wa Koenji jijini Tokyo, Takuya Kawai alifungua Manuscript Writing Cafe, mgahawa wa viti kumi unaopokea watu wenye andiko la kukamilisha tu. Bei ilikuwa yen 130 kwa nusu saa ya kwanza na yen 300 kwa kila saa iliyofuata, kahawa na chai ya kujihudumia ikiwa ndani ya bei. Mteja anapoingia huandika jina lake, anachoandika, na saa anayokusudia kumaliza. Huchagua pia kiwango cha kusimamiwa: laini, cha kawaida, au kikali. Aliyechagua kikali husimamiwa nyuma ya kiti chake na mhudumu asiyesema neno. Hapo ada ya kukaa imekuwa bidhaa yenyewe, na mteja analipa ili asiondoke.

Korea Kusini imeliendea suala hilohilo kwa katazo badala ya bei. Agosti 2025 Starbucks ya nchi hiyo iliwaomba wateja wasiingie na kompyuta kubwa za mezani, mashine za kuchapishia, nyaya zenye soketi nyingi, wala mbao za kujitenga. Orodha hiyo inaonyesha hali ilikuwa imefikia wapi: watu walikuwa wakihamia kabisa, na kiwambo juu. Muda wa kukaa haukuwekewa kikomo. Starbucks imejiuza kwa miongo mingi kama mahali pa tatu baada ya nyumbani na kazini, fikra iliyopewa jina na mwanasosholojia Ray Oldenburg katika kitabu chake cha mwaka 1989, na ni vigumu kuwaambia watu karibu nyumbani kisha ukawapimia dakika.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa somo kali zaidi juu ya hatari ya kuacha suala hili mikononi mwa mhudumu. Tarehe 12 Aprili 2018, katika tawi moja la Philadelphia, Marekani, vijana wawili weusi walifika wakimsubiri mtu wa tatu kwa ajili ya kikao cha biashara. Mmoja aliomba kutumia choo, akaambiwa ni cha wanunuzi. Walikaa bila kuagiza. Ndani ya dakika chache meneja aliwapigia simu polisi, wakafungwa pingu mbele ya wateja waliokuwa wakirekodi kwa simu, na mtu waliyekuwa wakimsubiri akafika na kukuta wanachukuliwa. Walishikiliwa kwa saa kadhaa kabla ya kuachiwa bila mashtaka. Watu waliokuwapo walisema wazi kwamba wazungu wengi hukaa pale bila kununua na hakuna anayewagusa.

Mei 29 mwaka huo Starbucks ilifunga maduka zaidi ya 8,000 nchini Marekani kwa mchana mmoja ili kuwafunza wafanyakazi wapatao 175,000 kuhusu ubaguzi. Ilitangaza pia kwamba mtu yeyote anaweza kukaa na kutumia choo hata asiponunua. Jiji la Philadelphia liliwalipa vijana wale dola moja kila mmoja na kuahidi dola 200,000 kwa mpango wa kuwasaidia vijana wanaotaka kuanzisha biashara. Kiasi cha makubaliano yao na kampuni yenyewe hakikuwekwa wazi. Sera ya milango wazi ilidumu chini ya miaka saba. Kuanzia Januari 27, 2025, chini ya mtendaji mkuu mpya Brian Niccol, kanuni zilizobandikwa katika maduka ya Amerika Kaskazini zilisema kwamba nafasi ni za wateja na waliofuatana nao. Siku hiyohiyo kampuni ilianza kuwajazia tena bure kahawa ya kawaida na chai wale wanaokaa ndani, na kurudisha vikombe vya kauri. Asiyenunua alifukuzwa na aliyenunua akabembelezwa akae, kwa tangazo moja.

Tatizo la Philadelphia lilikuwa kwamba masharti ya kukaa hayakuwa na kipimo. Kila meneja aliamua kwa jicho lake nani anasubiri na nani anazurura, na jicho hilo lina upendeleo wake. Bei iliyoandikwa ina ukatili wake, lakini haiangalii rangi ya mtu, nguo zake wala lafudhi yake. Kwa miji ya Afrika Mashariki, ambako mgeni mweupe anaweza kukaa kutwa na mwenyeji akaulizwa ataagiza nini kabla hajavuta kiti, hoja hiyo si ya kinadharia.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake kabla ya migahawa hii. Muuza kahawa chungu huzunguka na dele lake, mkaa ukiwaka chini, vikombe vidogo vikigonganishwa mkononi ili watu wajue anapita, au hutua pembeni mwa baraza na ndoo ya kusuuzia vikombe na kashata zake kwenye sinia. Wanywaji hukaa kwenye baraza za mawe zilizojengwa pamoja na nyumba, kama ilivyo Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa. Katika Jaws Corner ya Zanzibar watu hucheza dhumna, hubishana siasa na kutazama mpira hadi usiku, na kikombe hupatikana kwa sarafu. Hakuna anayetozwa kukaa kwa sababu kiti si cha muuzaji. Baraza ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba huihesabu kuwa ni heshima yake kukaliwa. Muuzaji hana pango, hivyo kila anayechelewa kuondoka ni mteja wa kikombe cha pili. Mara nyingi pia mmoja huwalipia wote waliopo, na kesho yake hulipa mwingine. Mgahawa wa kisasa umeuchukua ukaaji wa kijiweni na kuuweka ndani ya jengo la kupanga, penye kiyoyozi na jenereta, na ndipo hesabu zinapokataa.

Nairobi ndiko mabadiliko hayo yanakoonekana zaidi. Java House ilipofungua mgahawa wake wa kwanza mwaka 1999 huko Adams Arcade, barabara ya Ngong, jiji lilikuwa na watu wengi wa mikutano midogo na mahali pachache pa kuifanyia. Usaili wa kazi, madalali wa viwanja, vyama vya akiba, wafanyakazi wa mashirika na waandishi wa habari wote walihamia kwenye meza za kahawa, pale na katika migahawa iliyofuata. Baada ya muongo mmoja hivi soko likajigawa lenyewe. iHub ilifunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya watu wa teknolojia, kisha zikaja ofisi za kushirikiana zinazouza meza kwa siku au kwa mwezi, ambako kinachouzwa ni kiti na kahawa ni nyongeza. Hoteli nazo huuza vikao kwa kichwa: chai ya saa nne, chakula cha mchana, maji na ukumbi, vyote kwa bei moja. Anayetoza kikao mgahawani hajabuni kitu kipya. Amechukua desturi ya hoteli na kuishusha hadi meza ya watu wanne.

Mahali ambapo desturi hiyo imekubalika bila ugomvi ni kwenye vikao vya harusi. Kamati huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hukutana kila wiki kwa miezi miwili au mitatu, na nchini Tanzania mara nyingi hukutana baa. Mwenye baa huwatengea uga wa nyuma bure, akitegemea kwamba watu 20 wanaosikiliza taarifa ya michango hawatakaa na koo kavu. Mweka hazina anaposoma majina ya walioahidi na hawajatoa, chupa zinafunguliwa. Hapo kiti hulipiwa kupitia kinywaji, na pande zote mbili zinalijua hilo tangu kikao cha kwanza. Kamati ikiwa ya wanywaji wa maji, mwenye baa huuliza mapema itakuwa na watu wangapi na wataagiza nini, na hilo halichukuliwi kuwa tusi.

Kinachobaki ni namna ya kutoza, na hapa migahawa mingi hushindwa. Ada inayofaa huandikwa mlangoni na kwenye orodha ya bei, hutajwa na mhudumu kabla meza hazijaunganishwa, hutozwa saa za msongamano tu, na hutolewa kwenye bili pale mteja anapoagiza zaidi ya kima fulani. Ada inayozuka kwenye bili baada ya kikao kwisha ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court, kwamba tangazo lililobandikwa ndani ya chumba halikumfunga mgeni, kwa sababu mkataba ulikuwa umekwisha kufungwa mapokezi kabla hajaliona. Nchini Kenya, Sura ya 23 ya sheria inaelekeza mikataba iamuliwe kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma. Mteja anayeletewa bili yenye ada ya kikao asiyoambiwa ana haki ya kuuliza ilibandikwa wapi, na asipoonyeshwa, alipe kahawa aliyokunywa.